Mgeni Akija na Maradhi



Wahenga walituachia neno, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Twalijua sote tangu utotoni. Mgeni akibisha hodi kuku huchinjwa, na mtoto wa nyumbani aliyekula mchicha juma zima naye hupata kipande chake cha nyama. Mgeni ameleta heri, mwenyeji amepona.

Lakini iko siku ambapo neno hili hutushinda. Ni siku ile mgeni abishapo hodi akiwa na maradhi ya kuua, au akidhaniwa kuwa nayo. Siku hiyo twaogopa kwamba mgeni akiingia, mwenyeji atakufa. Je, siku hiyo mwenyeji anaruhusiwa kuufunga mlango? Na akiufunga, mgeni aliyeachwa nje ni mzigo wa nani? Haya ndiyo maswali tunayotaka kuyapima pamoja nanyi katika kurasa hizi. Tunayapima sasa wakati tumetulia, kwa kuwa wakati wa tauni watu hawapimi neno, hukimbia tu.

Tuanze mbali, baharini, ingawa sisi wa Saza bahari twaisikia tu. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoanza kuenea duniani, zilikuwapo meli kubwa za matembezi, zile zinazobeba maelfu ya watu wanaosafiri kutoka bandari hadi bandari kwa mapumziko. Safari zao hupangwa miezi mingi mbele: leo bandari hii, keshokutwa ile, na kila bandari huwangoja kwa ngoma na bidhaa, kwa maana abiria wale wana fedha. Basi katika majuma machache mambo yote yakapinduka. Bandari zilizokuwa zikigombea meli hizo zikaanza kuzifukuza.

Meli iitwayo Diamond Princess ilifika Yokohama, Japani, mwanzoni mwa Februari 2020, ikiwa na watu wapatao 3,700. Abiria mmoja aliyekuwa ameshuka Hong Kong alikuwa amekutwa na ugonjwa. Japani iliipokea bandarini lakini ikawazuia watu wasishuke. Abiria walikaa vyumbani mwao kwa siku kumi na nne, na wafanyakazi wa meli, zaidi ya elfu moja, wakaendelea kuwapikia na kuwapelekea chakula mlango kwa mlango, huku wenyewe wakilala wawili wawili au zaidi katika vyumba vidogo. Ulipofika mwisho, watu zaidi ya 700 walikuwa wameambukizwa, na zaidi ya kumi walifariki.

Meli nyingine, Westerdam, iliondoka Hong Kong tarehe 1 Februari ikiwa na watu zaidi ya 2,200. Hakukuwa na mgonjwa wa korona aliyejulikana humo. Hata hivyo Ufilipino, Taiwan, Japani, kisiwa cha Guam kilicho chini ya Marekani, na Thailand, wote wakaikatalia. Ikatangatanga baharini kwa karibu majuma mawili. Mwishowe, tarehe 13 Februari, Kambodia, nchi isiyo tajiri kati ya zote tulizozitaja, ikaikubalia kutia nanga Sihanoukville, na waziri mkuu wake wa wakati ule, Hun Sen, akaenda bandarini kuwapokea abiria kwa maua. Siku chache baadaye ikatangazwa kuwa mama mmoja mzee aliyeshuka humo amepimwa Malaysia na kukutwa na virusi. Ulimwengu ukawalaumu Wakambodia kwa ujinga wao. Kisha vipimo vikarudiwa, na wakuu wa afya wa Marekani wakasema kuwa mama yule hakuwa na ugonjwa.

Na ya tatu, Zaandam, iliondoka Buenos Aires tarehe 7 Machi. Ikiwa njiani, bandari za Amerika ya Kusini zikafungwa moja baada ya nyingine. Humo ndani watu wakaugua kwa makumi, na wanne wakafa kabla meli haijaruhusiwa kufika nchi kavu. Ilipokelewa Florida, Marekani, tarehe 2 Aprili, baada ya mabishano makubwa kati ya viongozi.

Atasema mmoja wenu, "Hao ni matajiri waliokwenda kustarehe. Sisi yatuhusu nini?" Tungemjibu mambo mawili. La kwanza, mtu anayekufa kwa kukosa pumzi chumbani mwake hana utajiri wakati ule, naye mtoto wake aliye mbali hulia kama aliavyo mtoto wa Saza. La pili, chini ya vyumba vya matajiri hulala wapishi, wafagiaji, wafuaji na mabaharia, wengi wao wakiwa watoto wa Ufilipino, Indonesia na India, waliotoka kwao kutafuta ada ya shule za wadogo zao. Abiria walipokwisha kurudishwa makwao, wafanyakazi wengi wa meli walibaki baharini miezi mingi. Mwishoni mwa mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Bahari lilisema kuwa mabaharia wapatao 400,000 wa meli za kila namna walikuwa wamekwama kazini baada ya mikataba yao kwisha, kwa kuwa hakuna nchi iliyotaka kuwapitisha.

Lakini si lazima tuende baharini. Meli zetu ni malori, na bandari yetu ni Tunduma.

Barabara itokayo Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 900, huishia pale, na ng'ambo ya mstari ni Nakonde, Zambia. Hapo hupita mafuta, mbolea, nguo na mashine za kwenda Zambia na Kongo, na hapo hurudi shaba ya Katanga na ya Zambia. Mwezi Oktoba 2019 marais wa nchi zetu mbili, Magufuli na Lungu, walikifungua kituo cha pamoja cha mpakani, ili dereva akaguliwe mara moja tu badala ya mara mbili. Miezi minane haikupita. Mwezi Mei 2020 Zambia ilitangaza wagonjwa wapya 85 kwa siku moja, na 76 kati yao walikuwa Nakonde. Rais Lungu akaufunga mpaka. Siku chache baadaye mizigo ikaanza kupita tena kwa masharti ya kupimwa na kungoja. Lakini kwa dereva aliyekwisha kufika Tunduma, siku zile zilikuwa kama za abiria wa Westerdam. Mbele haendi, nyuma harudi kwa sababu ana mzigo wa mtu, na pale alipo watu wanamtazama kama ndiye tauni yenyewe.

Wala haikuwa Tunduma peke yake. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya iliufunga mpaka wake na nchi yetu kwa watu wote isipokuwa malori ya mizigo, na madereva wakatakiwa kupimwa. Namanga pakawa na ugomvi juu ya vipimo vya nani vya kuaminika, hata viongozi wa pande mbili wakabidi kukutana. Malaba, kati ya Kenya na Uganda, foleni ya malori ilikuwa ya makumi ya kilometa. Rwanda ilitaka madereva wabadilishane mpakani Rusumo, mgeni akabidhi usukani kwa mwenyeji. Nako Uganda, mwezi Mei mwaka ule, madereva wa kigeni waliokutwa na ugonjwa waliondolewa katika hesabu ya wagonjwa wa nchi. Hebu tulifikirie jambo hilo la mwisho. Mtu ni mgonjwa kweli, virusi vimo mwilini mwake, lakini nchi aliyomo haimhesabu kwa kuwa si wake, na nchi yake haimhesabu kwa kuwa hayupo. Ni mgonjwa asiye na daftari.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Kwanza tumsikilize mwenyeji, maana si haki kumwita katili kabla hajasema.

Mwenyeji atasema: "Nina watoto. Nina bibi mzee ndani. Zahanati yetu ina vitanda vichache. Nikimwingiza huyu mmoja, nitawazika kumi. Mapenzi kwa mgeni yasiwe chuki kwa wa nyumbani." Maneno haya ni mazito, na hatuwezi kuyapuuza. Nakonde ni mji mdogo. Wagonjwa 76 kwa siku moja ungeutetemesha hata mji mkubwa wenye hospitali za rufaa. Mlinzi wa mlango ana wajibu kwa walio ndani, na asiyewalinda walio ndani kwa sababu anataka kusifiwa na walio nje, huyo naye ametenda dhambi. Basi tukubali wazi: mwenyeji anayo haki ya kusema "Ngoja."

Lakini "Ngoja" si sawa na "Toka." Hapa ndipo twaona kosa kubwa la mwaka ule.

Tuyatazame ya zamani. Mwaka 1377 mji wa bandari wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, ulitunga sheria kwamba watokao nchi zenye tauni wangoje siku thelathini mahali palipotengwa kabla ya kuingia mjini. Baadaye miji mingine ikafanya siku arobaini, na kutokana na neno la Kiitalia la arobaini tukapata neno karantini. Kwetu pia, katika kisiwa cha Changuu mbele ya Unguja, jengo lililojengwa mnamo miaka ya 1890 liwe gereza liligeuzwa kuwa mahali pa karantini, na abiria wa meli zilizotoka Bara Hindi na kwingineko walikaa hapo mpaka ionekane kuwa hawana ugonjwa.

Je, watu wale wa kale walifanya nini? Hawakumwambia mgeni apotelee baharini. Walimtengea mahali, wakamhesabia siku, na siku zikitimia wakamfungulia. Karantini basi ni namna ya kumpokea mgeni. Ni ukumbi uliojengwa kati ya mlango wa nje na mlango wa ndani. Anayemwambia mgeni angoje siku kumi na nne bandani penye maji na chakula hajavunja ukarimu. Ameupa ukarimu akili. Anayemwambia aende zake, naye akijua kuwa jirani wa pili na wa tatu watamwambia vivyo hivyo, amemhukumu kifo kwa kumgawia kila mtu kipande cha hukumu ili asionekane mwuaji.

Na hivyo ndivyo zilivyofanya zile bandari tano za Westerdam. Kila moja ilisema, "Sisi hatukatai kuwa wasaidiwe, ila wasaidiwe kwingine." Lakini kwingine ni wapi? Kwingine ni kwa mtu mwingine, naye pia ana kwingine kwake. Mwisho wa njia hiyo ni bahari.

Ulimwengu haukukosa sheria juu ya jambo hili. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika mwaka 2007, zasema kuwa meli isizuiwe kutia nanga kwa sababu ya afya tu. Kama bandari haina vifaa, meli yaweza kuelekezwa kwenye bandari iliyo karibu yenye vifaa. Nazo zaagiza kuwa msafiri anayezuiwa atendewe kwa heshima, apewe chakula, maji, mahali pa kulala na matibabu. Serikali nyingi zilikuwa zimeikubali sheria hiyo siku ya jua. Siku ya mvua kila mmoja aliikunja akaikalia.

Hata hivyo mwenyeji maskini ana swali la pili, nalo ni la haki: "Nani atalipa? Banda, maji, chakula, daktari, vyote hivyo nivitoe mimi kwa mtu nisiyemjua?" Tukisema tu kwamba mwenye huruma halii gharama, tutakuwa tumesema neno tamu lisilojenga choo hata kimoja.

Sisi twaona hivi: aliyekula faida ya safari asiikimbie gharama yake. Meli ya matembezi ina wenye mali walio nchi moja, bendera ya nchi nyingine, na bandari nyingi zinazotoza ushuru na kuuza bidhaa. Siku za heri wote hao hula. Siku ya tauni, mwenye meli asema mambo yako mikononi mwa serikali, nchi ya bendera iko mbali, na bandari zasema si raia wetu. Lori nalo ni vivyo hivyo. Mwenye lori yuko mjini, mwenye shaba yuko ng'ambo, mnunuzi yuko mbali zaidi, na dereva yuko chini ya turubai Tunduma akihesabu shilingi zake za mwisho. Mtu wa mwisho katika faida asifanywe wa kwanza katika hasara. Wenye mizigo na serikali mbili za mpakani wawe na mfuko na mahali pa kungojea palipojengwa kabla ya siku mbaya, si baada yake.

Na sisi wa Saza tusijitoe. Mafuta ya pikipiki zetu, saruji ya nyumba zetu, dawa na chumvi, vyote vimekuja mgongoni mwa lori. Ufuta wetu nao huondoka kwa lori. Zaidi ya hayo, sisi wenyewe ni nani? Dhahabu ya Lupa ilipoanza kuchimbwa katika miaka ya 1920, watu walimiminika kutoka kila upande, na mgodi wa Saza enzi za mkoloni uliita vibarua kutoka makabila mengi. Waliowatangulia hapa waliwaona wageni wakija na lugha ngeni, mila ngeni, na bila shaka na maradhi mageni pia. Wengi wetu ni wajukuu wa wageni wale. Mjukuu wa mgeni akiwa mkali kuliko wenyeji wote katika kuufunga mlango, hilo ni jambo la aibu.

Sasa tumgeukie mgeni, maana ukarimu si kamba yenye ncha moja. Mgeni naye ana deni, na deni lake la kwanza ni ukweli. Mwenye homa asiseme ni uchovu. Aliyetoka kwenye msiba wa tauni asiseme alikuwa sokoni. Mwenyeji amekubali kuhatarisha nyumba yake. Akifichwa ukweli, ameibiwa.

Deni hilo la ukweli ni la nchi pia kama lilivyo la mtu mmoja mmoja. Nchi yetu ilitangaza wagonjwa 509 hadi mapema Mei 2020, kisha kwa zaidi ya mwaka mmoja hesabu hazikutangazwa tena. Tuna watu waliosema kuwa ilikuwa ni kuwaondolea wananchi hofu, nasi twajua kuwa hofu nayo huua. Lakini tujiweke mahali pa jirani wa Nakonde au wa Namanga. Yeye aona dereva anakuja kutoka kwenye nyumba isiyosema kama ina mgonjwa. Atafanyaje ila kumshuku kila atokaye humo? Dereva wa Kitanzania alilipa kwa foleni na kwa kudharauliwa deni ambalo hakulikopa yeye.

Hapo hapo lazima tuseme upande wa pili, kwa sababu ukweli nao huadhibiwa. Mwezi Novemba 2021 wataalamu wa Afrika ya Kusini na Botswana waligundua aina mpya ya kirusi cha korona, ile iliyoitwa Omikroni, nao hawakuificha hata siku moja, wakaitangazia dunia. Malipo yao yalikuwa nini? Kabla juma halijaisha, nchi nyingi za Ulaya, pamoja na Uingereza na Marekani, zilikuwa zimezuia ndege na wasafiri wa kusini mwa Afrika. Kirusi chenyewe kilikuwa kimekwisha kufika Ulaya. Basi aliyewasha taa alipigwa kwa kuwa mwanga umeonyesha nyoka. Ukimchapa mtoto kila asemapo kweli, siku moja utakuwa na mtoto mwongo, nawe ndiwe mwalimu wake.

Kwa hiyo madeni haya mawili yamefungwa pamoja. Mgeni anadaiwa ukweli, na mwenyeji anadaiwa kumhakikishia kuwa ukweli hautamponza. Dereva akijua kwamba akisema "naumwa" atapelekwa mahali pa kungojea, atapewa maji, lori lake litalindwa na kazi yake haitapotea, atasema. Akijua kwamba atapigwa mawe au kuachishwa kazi, atameza vidonge vya kushusha homa na kupita. Nani basi ameuingiza ugonjwa mjini? Wote wawili, aliyeficha na aliyemlazimisha kuficha.

Atauliza tena msomaji, "Je, Neno halituagizi kumpokea mgeni nyumbani mwetu, bila banda wala siku kumi na nne?" Tukumbuke habari ya yule Msamaria. Hakumchukua yule majeruhi kumlaza katika kitanda cha mkewe. Alimfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kulipa zaidi atakaporudi. Mapenzi yake yalikuwa na mafuta, yalikuwa na fedha, na yalikuwa na mahali. Na wale watu wa kisiwa cha Melita waliowapokea Mtume Paulo na wenzake wa merikebu iliyovunjika, watu 276, walianza kwa kuwasha moto pale pwani penye mvua na baridi. Hawakuuliza kwanza hawa ni wafungwa au ni mabaharia. Nao walikuwamo wafungwa. Kumpenda mgeni basi si lazima kumlaza kitandani mwako. Lakini ni lazima kuwasha moto.

Mambo haya si hadithi ya mwaka uliopita na kwisha. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kuwa hali ya dharura ya korona imekwisha, lakini magonjwa hayakutia saini. Mkoa wa Kagera ulipata ugonjwa wa Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Mwezi Februari 2024 meli ya matembezi Norwegian Dawn, ile iliyowahi kutia nanga Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka huo huo, ilizuiwa nje ya bandari ya Mauritius kwa kushukiwa kuwa na kipindupindu. Vipimo vikafanywa, kipindupindu hakikuonekana, ikafunguliwa. Na mwezi Machi 2025 wizara yetu ya afya ilipotangaza wagonjwa wa kwanza wawili wa homa ya nyani, yaani mpox, mmoja wao alikuwa dereva wa lori aliyetoka nchi jirani. Tuliposoma habari ile wengi wetu tulijua mara moja maneno yatakayosemwa vijiweni juu ya madereva wote.

Basi tupendekeze mambo matatu, ambayo mtaa wetu na mitaa jirani mpaka Tunduma yaweza kuyafikiri katika halmashauri zake.

Kwanza, tukubaliane juu ya maneno. Ugonjwa ukija tusiuite ugonjwa wa madereva, wala wa Wazambia, wala wa Wakongo. Ugonjwa una jina lake la hospitali, na hilo latosha. Jina baya humfanya mgonjwa ajifiche, na mgonjwa aliyejificha ndiye anayetuua.

Pili, tuwaombe madiwani wetu na wakuu wa wilaya zetu mahali pa kungojea pajengwe mapema. Tusiombe jumba kubwa. Twaomba paa, vyoo, bomba la maji, na mlinzi wa malori. Tuwaombe pia wenye malori wachangie, kwa ile hoja tuliyoisema ya faida na gharama. Mahali hapo siku za afya pafae kwa kupumzikia madereva, na siku za tauni pafae kwa karantini.

Tatu, sisi wenyewe tujue la kufanya kabla serikali haijafika. Kuacha ndoo ya maji na sufuria ya uji hatua ishirini kutoka kwa mtu, kisha kurudi nyuma ili aje achukue, hakumwambukizi mtu awaye yote. Umoja wa akina mama na vijana wetu waweza hilo hata bila fedha nyingi. Kwa mabaharia Waanglikana walianzisha tangu mwaka 1856 kazi iitwayo Mission to Seafarers, ambayo hata Mombasa ina kituo, na kazi yake kubwa ni hiyo tu, kumwendea mtu aliyezuiwa chomboni na kumwuliza anahitaji nini. Madereva wa barabara yetu nao ni mabaharia wa nchi kavu, na sijui kama Tunduma ni pagumu kuliko bandari.

Twarudi kwa wahenga. Walisema mgeni aje ili mwenyeji apone. Twadhani waliongea juu ya nyama ya kuku, nao hawakukosea. Ila mwaka 2020 ulituonyesha maradhi mengine ya mwenyeji, ambayo hayaonekani kwa darubini: woga unaomfanya mtu asimwone mtu mwenzake, na werevu wa kusema "kwingine, kwingine." Maradhi hayo hayana chanjo ya sindano. Hupungua siku ile mtu anapotoka nje na ndoo yake ya maji, akaiweka hatua ishirini, akaita kwa sauti, "Ndugu, maji haya hapa. Ngoja salama, siku zikitimia tutakufungulia."